Kabureta, Kuanzia Kumi Hadi Moja

Lita 1 ya petroli haiungui sawasawa mpaka ipewe karibu lita 9,000 za hewa. Inyime hewa, gari litatoa moshi mweusi na kugugumia mafuta. Izidishie, injini itakohoa, itapata joto kupita kiasi na mwisho itazima. Kwa uzito, kipimo ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, na hakitakiwi kwenda mbali na hapo gari likiwa limekwama kwenye foleni, likipanda mlima na mzigo, au likikata mbuga asubuhi ya baridi.

Kwa karibu miaka mia moja kazi hiyo ilishikwa na kabureta: kipande cha aloi chenye matundu, boya na springi mbili tatu, bila kompyuta, na mara nyingi bila hata waya mmoja. Naipenda mashine hii na sioni sababu ya kuficha. Wazo lake ni moja: pitisha hewa kwenye koo jembamba, weka tundu la petroli hapo kooni, petroli itatoka yenyewe. Ni wazo zuri sana lenye udhaifu tele, na kila kitu kingine utakachokikuta ndani kiliwekwa kuziba udhaifu mmojawapo. Ukiujua udhaifu, umeijua sehemu. Na ukiijua sehemu, hutalipa tena kwa kuambiwa “kabureta imekufa” kabla hujauliza imekufa wapi.

Naanza na ya kumi, napanda. Nafasi ya tatu na ya nne mnaweza kunibishia. Ya kwanza, hapana.

10. Skrubu mbili zinazochezewa na kila mwenye bisibisi

Ziko nje, na kwa kuwa ziko nje kila mtu anaamini aliwekewa yeye. Shemeji anazungusha, jirani anazungusha, kijana wa kuosha magari naye anaomba zamu.

Moja inazuia kibati cha throtoli kisifunge kabisa. Hiyo ndiyo inayopandisha na kushusha sailensi, yaani mngurumo wa injini mguu ukiwa haujagusa ekseleta. Ya pili inapima mchanganyiko wa sailensi tu. Tu! Gari likishashika kasi ya safari, skrubu hiyo karibu haina usemi. Kwa hiyo ukilalamika kwamba gari linakula mafuta kutoka Dar hadi Morogoro, na mtu akakimbilia skrubu ya sailensi, mpe soda, mshukuru, kisha mnyang'anye bisibisi.

Ukitaka kuirekebisha mwenyewe, injini iwe imepata moto na choki iwe imefunguka yote. Ingiza skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka injini ianze kuyumba, kisha itoe mpaka mlio upande na kutulia. Endelea kuitoa, injini ikianza kulemewa, rudi katikati ya hapo na hapo. Usiikaze hadi mwisho kwa nguvu: ncha yake ni sindano, na ikishapata mkunjo haitapima tena kitu chochote maisha yake yote.

9. Barafu

Naam, barafu, na hapa hapa kwenye ikweta. Petroli ikigeuka mvuke inaiba joto la hewa inayoizunguka, na ndani ya koo la kabureta joto linaweza kushuka nyuzi 20 na zaidi. Chukua asubuhi ya ukungu, hewa ina nyuzi 12 na imejaa unyevu: unyevu ule unaganda kwenye kibati na kwenye kuta za koo, njia inasinyaa, injini inaishiwa nguvu. Unasimama pembeni kutafuta kosa, joto la injini linayeyusha ushahidi wote, gari linawaka vizuri. Ugonjwa unaomkimbia daktari!

Rubani hana pa kusimama pembeni. Ndiyo maana ndege ndogo za injini ya kabureta, Cessna 150 na ndugu zake, zina kitasa cha kuingiza hewa ya moto kwenye kabureta, na mwanafunzi wa urubani anafundishwa kukitumia mapema kabisa. Volkswagen Beetle nayo ilipewa dawa yake: kibomba cha moshi wa moto kilichopitishwa chini ya kabureta, kikiegemea bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye silinda ili lisipoe.

8. Choki

Kinachoungua ni mvuke. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli inayotoka kwenye nozeli, lile tundu la kooni, hugandamana na kuta za bomba ikiwa bado majimaji, na kinachofika kwenye plagi ni kidogo mno kushika moto. Dawa yake ni kumwaga petroli nyingi kupita kiasi ili angalau kile kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe. Choki ni kibati tu kwenye mdomo wa juu wa kabureta. Kikifungwa, hewa inakosa njia, na mvuto wote wa pistoni unaangukia kwenye petroli.

Aliyewahi kuziba mdomo wa kabureta kwa kiganja huku mwenzake anapiga stata anaijua choki kuliko yeyote aliyeisoma kitabuni: ngozi inavutwa ndani, kiganja kinatoka kimelowa petroli ya baridi kali, na injini inashika. Lakini wewe unayemimina petroli mdomoni mwa kabureta kwa chupa ya soda huku stata inapigwa, acha leo. Injini ikirudisha moto, moto unatokea mdomo ule ule, na chupa bado iko mkononi mwako.

Mombasa mwezi wa Februari choki haina kazi kubwa. Njombe au Limuru mwezi wa Julai, jaribu kuishi bila hiyo! Ila ukiisahau imefungwa, petroli ya ziada itaosha oili kwenye kuta za silinda, na pistoni zitasuguana chuma kwa chuma huku plagi zikipakwa masizi.

Hapa ndipo pia petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inapoumbuka, kwa sababu mafuta ya taa ni mazito kugeuka mvuke. Gari lililokuwa likiwaka kwa stata moja linaanza kudai tatu. Uchakachuaji huo ulitisha kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta Tanzania mwaka 2010, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Kabureta ilikuwa imeshalalamika kabla yao wote.

7. Pampu ya ekseleta

Petroli ni nzito kuliko hewa zaidi ya mara 600. Kanyaga ekseleta ghafla ili ulipite lori: hewa inaruka ndani papo hapo, petroli inajivuta kuamka. Kwa nukta moja injini inapewa hewa bila chakula, na gari linakwama kifuani wakati lori liko ubavuni mwako. Si wakati mzuri wa kufikiria fizikia.

Kwa hiyo wakaweka pampu ndogo, ya pistoni au ya mpira, iliyofungwa kwenye mkono wa throtoli. Ukikanyaga, inarusha petroli kooni kuziba pengo. Kuipima ni kazi rahisi kuliko zote kwenye orodha hii: injini ikiwa imezimwa, ondoa kifuniko cha ea klina, chungulia kooni, sukuma mkono wa throtoli kwa kidole. Uone uzi wa petroli ukichomoka mara moja, mwembamba na ulionyooka. Ukidondoka matone, mpira umechoka. Usipoona kitu, umeshajua kwa nini gari linajikwaa kila unapotoka kwenye taa.

6. Kibomba cha povu

Hiki hakipati sifa kwa sababu hakionekani, kimezama ndani ya kisima chake juu ya jeti kubwa, tundu linalopima petroli. Udhaifu wake wa kuziba ni huu: koo tupu na tundu tupu, vikiachiwa, huzidisha petroli kadiri hewa inavyoongezeka kasi, kwa sababu hewa ikikimbia sana inatanuka na kuwa nyepesi, wakati petroli haibadiliki. Basi wakachukua kibomba cha shaba, wakakitoboa matundu ubavuni, wakakipa hewa kidogo kutoka juu. Injini ikivuta sana, petroli kisimani inashuka, matundu yanafunuka moja baada ya jingine, hewa inapenya, na kinachopanda kwenda kooni ni povu badala ya petroli tupu. Kadiri injini inavyotamani kula kupita kiasi, ndivyo chakula kinavyochanganywa na upepo.

Weber, kampuni aliyoianzisha Edoardo Weber kule Bologna mwaka 1923, ilivipa vibomba hivi majina ya F na namba: F11, F16 na wenzake. Ukidhani F16 ina kitu zaidi kuliko F11, pole. Namba hazifuati mpangilio wowote wa uzito wala wepesi. Mafundi wa Weber walizijua kwa kuzijaribu, wakazishika kichwani.

5. Yule mbishi wa Kiingereza

Wengine wote walikubali koo la ukubwa mmoja kisha wakahangaika kuliwekea viraka. George Herbert Skinner, wa familia ya wauza viatu wa Lilley & Skinner, mwanzoni mwa karne ya 20 aliuliza: kwa nini koo lisibadilike ukubwa? Ikazaliwa kabureta ya SU. Ndani yake kuna pistoni inayopanda yenyewe hewa ikiongezeka na kushuka ikipungua, hivyo kasi ya hewa kooni inabaki karibu ile ile. Chini ya pistoni inaning'inia sindano iliyochongoka, iliyoingia kwenye jeti moja. Pistoni ikipanda, sindano inapanda nayo, nafasi inaongezeka, petroli inaongezeka. Jeti moja, sindano moja, basi. Na kwa kuwa familia ilikuwa na ngozi dukani, zile za kwanza zilipandishwa kwa mfuko wa ngozi.

Hata pampu ya ekseleta hana. Ana kikombe cha oili juu, kinachoichelewesha pistoni kupanda unapokanyaga ghafla, ili koo libaki jembamba kwa nukta moja na petroli ivutwe zaidi. Wenye SU wanaosahau kuongeza oili pale juu, halafu wanalalamika gari halina mchomoko, nawahurumia kwa dhati, lakini oili ni kijiko tu.

Volvo PV544 aliyoshinda nayo Joginder Singh na mdogo wake Jaswant kwenye mbio za East African Safari za mwaka 1965 ilikuwa ya injini ya B18 inayolishwa na SU mbili. Wale waliokuwa wakisubiri vumbi kando ya barabara hawakuwa na haja ya kujua sindano imechongoka kiasi gani. Joginder, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, alikuwa nayo.

4. Jeti

Tunafika kwenye tundu lenyewe. Jeti ni skrubu ya shaba iliyotobolewa katikati, na kwenye Weber na Solex namba iliyochongwa juu yake ni kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimita: jeti ya 130 ni tundu la milimita 1.30, jeti ya sailensi ya 55 ni milimita 0.55. Chembe moja ya uchafu wa tangi inatosha kuziba ya sailensi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mwaka 1888 Bertha Benz alichukua gari la mumewe, Karl, bila kumuaga, akaondoka Mannheim na wanawe wawili hadi Pforzheim. Njiani bomba la mafuta likaziba. Akachomoa pini ya kofia, akalizibua, safari ikaendelea. Namvulia kofia. Lakini wewe usilichukue somo hilo ukalipeleka kwenye jeti! Shaba ni laini. Pitisha waya kwenye jeti ya 130, ikwangue ifike 140, na eneo la tundu litakuwa limeongezeka karibu asilimia 16, kwa sababu eneo linafuata kipenyo mara kipenyo. Macho yako hayataona tofauti yoyote. Tangi lako litaiona. Jeti inasafishwa kwa petroli safi na upepo wa kampresa, ukipuliza kutoka upande wa pili. Akitokea mtu na waya wa breki mkononi, msimamishe.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo Afrika Mashariki tunalo kuliko wengi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa ya pale ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ya Mombasa. Kabureta haijui hilo. Iliyopimwa vizuri pwani ikifika Nairobi inatoa mchanganyiko uliozidi petroli kwa karibu asilimia 9. Plagi zinakuwa nyeusi, sailensi inakuwa nzito, na dereva anamlaumu muuza mafuta wa Voi. Muuza mafuta hana kosa. Iliyopimwa Nairobi ikiteremka Mombasa ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu sasa petroli imepungua, na mchanganyiko uliopungukiwa petroli unaunguza vali kimyakimya wakati gari linaonekana zima.

3. Kibati cha throtoli

Uliza watu ekseleta inafanya nini, utaambiwa inamwaga petroli. Hapana! Ukiacha ule mchomo mdogo wa pampu tuliouona, ekseleta inafungua hewa. Kuna kibati cha duara chini ya koo, kwenye mhimili wake. Mguu wako unakizungusha, basi. Petroli ni mfuasi. Injini ya petroli imekabwa na kibati hicho muda mwingi wa maisha yake: ya cc 1,600 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika ingeweza kumeza hadi lita 2,400 za hewa kila dakika, lakini barabarani kibati kinairuhusu sehemu tu ya hizo.

Na hapa udhaifu wa koo unaonekana wazi. Kwenye sailensi hewa inayopita kooni ni ya kupepesuka, haina nguvu ya kutoa petroli kwenye nozeli. Petroli itoke wapi? Chini ya kibati. Pale pistoni zinavuta na kibati kimefungwa, mgandamizo unashuka hadi karibu theluthi moja ya hewa ya nje. Waliobuni wakatoboa tundu hapo hapo, na ndilo linalopimwa na ile skrubu ya mchanganyiko ya namba kumi. Kisha wakagundua kwamba kati ya sailensi na mwendo kuna bonde, kibati kimeanza kufunguka lakini koo halijaamka, wakatoboa vitundu viwili vitatu vya kuvuka, sawa na pale ukingo wa kibati unapopita. Gari linalonguruma vizuri likisimama, linalokimbia vizuri likikimbia, lakini linadorora pale katikati unapotaka kuondoka taratibu, linakuonyesha kwa kidole vitundu hivyo.

Kabla hujafungua chochote, shika mhimili wa kibati uutikise. Ukicheza, hewa ya wizi inapenya pembeni, na hakuna skrubu duniani itakayoituliza sailensi hiyo.

2. Boya

“Fundi, gari linanuka petroli na mafuta yanaisha.”

“Kaka, hiyo floti imezama.”

Mara nyingi fundi yuko sahihi kabla hajainua boneti. Kabureta ina bakuli la petroli ubavuni mwake. Boya linaelea humo; petroli ikipanda, boya linapanda na kusukuma sindano izibe njia ya kutoka kwenye pampu. Ni kazi ile ile ya tangi la choo, ila hapa milimita 2 zina thamani. Petroli inatakiwa isimame chini kidogo tu ya mdomo wa nozeli. Ikisimama juu mno, inachuruzika kooni yenyewe hata gari likiwa limelala. Ikisimama chini mno, koo linalazimika kuinyanyua mbali, na injini inakufa njaa kwenye mlima.

Boya la shaba likipata tobo, linakunywa petroli na kuzama. Litikise sikioni, utasikia maji yake. Kulijua tobo lilipo, lizamishe kwenye maji ya moto: mapovu yatachomoka pale pale. Usilichomelee kabla petroli yote haijatoka ndani, nakusihi. Na sindano ikipata mfereji kwenye ncha, hata boya zima haliwezi kuziba njia.

Kitu kizima kinategemea kwamba chini ni chini. Mwaka 1940, kwenye vita vya anga juu ya Uingereza, marubani wa Spitfire na Hurricane walilipa gharama ya ukweli huo. Injini zao za Merlin zilikuwa na kabureta za boya. Rubani akiinamisha pua ghafla, petroli iliruka juu ya bakuli, injini ikakohoa kwa njaa, kisha boya nalo likachanganyikiwa na petroli ikafurika. Messerschmitt Bf 109 ya Kijerumani, ambayo petroli yake ilidungwa moja kwa moja ndani ya silinda, ilipiga mbizi na kwenda zake. Waingereza walilazimika kugeuza ndege kichwa chini kwanza ndipo waifuate.

Aliyewatoa hapo ni Beatrice Shilling, mhandisi wa kituo cha utafiti cha Farnborough na mwanamke aliyekuwa akishindana kwa pikipiki kwenye uwanja wa Brooklands kwa kasi ya zaidi ya maili 100 kwa saa. Mwaka 1941 alileta kidude kidogo chenye tundu moja lililopimwa, kinachofungwa kwenye njia ya petroli. Tundu lile liliruhusu kiasi kile tu ambacho injini inahitaji ikiwa kwenye nguvu zote, si tone zaidi, kwa hiyo kufurika kukaisha. Akazunguka viwanja vya ndege na timu yake kuvifunga, bila kuhitaji injini zing'olewe. Ukimwambia mtu kwamba vita vya anga vilisaidiwa na jeti, atakucheka, mwonyeshe Shilling.

1. Koo

Mwaka 1738 Daniel Bernoulli alichapisha kitabu chake cha mwendo wa majimaji, *Hydrodynamica*. Kinachokwenda kasi kinasukuma kidogo pembeni: kasi ikipanda, mgandamizo unashuka. Mwaka 1797 Mwitaliano Giovanni Battista Venturi akachapisha majaribio yake ya mabomba yanayosinyaa kisha kutanuka. Hakuna kati yao aliyewahi kuona gari.

Karl Benz, aliyeomba hataza ya gari lake tarehe 29 Januari 1886, hakutumia koo hilo. Injini yake ilivuta hewa juu ya mafuta yaliyotuama na kubeba mvuke wake. Ilitosha kwa injini isiyofikisha nguvu ya farasi mmoja, lakini sehemu nyepesi ya mafuta ilitangulia kuondoka, nzito ikabaki, na mchanganyiko ulibadilika kadiri safari ilivyosonga. Mwaka 1893 mlango ukafunguka pande mbili: Budapest, Donát Bánki na János Csonka waliomba hataza ya kabureta ya kunyunyiza mwezi Februari, Ujerumani, Wilhelm Maybach akaja na yake mwaka huo huo. Wahungari wanasimulia kwamba wazo lilitokana na muuza maua aliyekuwa akinyunyizia bidhaa yake maji kwa kupuliza kibomba. Iwe ilitokea au haikutokea, fizikia ya kibomba kile ndiyo hii hii.

Sasa sikiliza kinachotokea kooni, kwa maana ndicho kilichonifanya niipende kabureta. Injini haifyonzi petroli. Juu ya bakuli la boya umekaa mgandamizo kamili wa hewa ya nje, karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Kooni, hewa inakimbia na mgandamizo umepungua. Tofauti hiyo ndiyo inayoisukuma petroli kutoka kwenye bakuli, ipite kwenye jeti, ipande kwenye nozeli, ipasuke matone ndani ya upepo. Dunia yenyewe ndiyo pampu.

Na kipimo je? Hewa inayopita ikiongezeka maradufu, tofauti ya mgandamizo inakuwa mara nne. Petroli inayopenya kwenye tundu inafuata kipeuo cha pili cha tofauti hiyo, na kipeuo cha pili cha nne ni mbili. Petroli nayo imekuwa maradufu! Umekanyaga, umeachia, umepanda mlima, na uwiano umejishika karibu pale pale, kwa sababu kanuni mbili za maumbile zimekutana na kuondoana. Hakuna kompyuta iliyouliza, hakuna kihisi kilichojibu. Miaka mia ya magari ilisimama juu ya hesabu hiyo moja.

Kilichoiondoa kwenye magari ni neno “karibu”. Koo linahisi mwendo wa hewa, halihisi uzito wake, na ndiyo maana Nairobi inalichanganya. Vichujio vya moshi vya kikemikali, vilivyolazimishwa na sheria za hewa safi Marekani na kisha Ulaya, vinataka 14.7 kwa 1 bila kuyumba, na hilo linahitaji kihisi cha oksijeni kwenye bomba la moshi na injekta zinazotii kila nukta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 magari mapya yenye kabureta yalikuwa yanatoweka kwenye masoko hayo. Ngazi ya juu ya mashindano ya NASCAR ya Marekani iling'ang'ania hadi msimu wa 2011. Moshi umepungua, na hilo nalipigia makofi bila kinyongo.

Bodaboda hazikufuata upesi hivyo. Pikipiki nyingi za Boxer zinazobeba watu kutoka Kisumu hadi Kampala hadi Mbeya bado zina kabureta chini ya tangi: boya, jeti, choki, skrubu ya sailensi, koo, vyote vimo, na kijana wa kijiweni anaweza kuishusha, kuipuliza na kuirudisha kabla abiria hajamaliza chai. Mwambie tu asitumie waya.